Kamera za ulinzi kwa biashara ndogo Mwanza: ukiwa na laki sita, anza na nini?

Fundi wa Nyakato (mleta uzi)

Mwangaluka wakuu.

Nafunga kamera hapa mjini, kuanzia fremu za Makoroboi na barabara ya Rwagasore hadi stoo za Igoma na Buswelu. Kila nikipigiwa simu swali ni moja: "Fundi, nina laki sita, nitapata kamera ngapi?" Naomba wenye biashara tuanzie kwingine. Mtu usiyemfahamu akiingia dukani kwako leo na kuondoka na mali, je, picha itatoa sura yake kiasi kwamba mwenyekiti wa mtaa akiitazama anasema "huyu namjua"? Hicho ndicho unacholipia. Kuna maduka yana kamera nane, mwizi kapita mbele ya tano, na zote zimechukua kofia na mabega.

Kipimo chake kipo na hakihitaji usomi. Kiwango cha kimataifa cha kamera za ulinzi, IEC 62676-4, katika toleo lake la 2014, kilihesabu pikseli, yaani vidoti vinavyounda picha, kwa kila mita ya upana unaoonekana. Pikseli 25 kwa mita zinakwambia kuna mtu. Zikifika 62 hivi unaona nguo na anachofanya. 125 zinatosha kumjua mtu uliyemzoea, tuseme mfanyakazi wako. Sura ya mgeni inataka 250. Kamera ya megapikseli 2, ambayo ndiyo wengi tunaimudu, ina pikseli 1920 kwa upana. Gawa kwa 250 unapata mita 7.7. Kwa hiyo pale anaposimama mteja, picha isichukue upana unaozidi mita saba na nusu hivi. Ikizidi hapo, sura inaanza kupotea.

Sasa tazama lenzi. Ya milimita 2.8 inaona upana wa zaidi ya nyuzi 100. Mtu akiwa mita 3 mbele yake, picha ina upana wa karibu mita 8, kwa hiyo ndani ya fremu ya kawaida inafaa. Mtu huyo huyo akiwa getini, mita 10, upana unafika mita 26 na umebaki na pikseli 74 kwa mita. Utaona koti, sura hutaiona. Geti au ushoroba mrefu unataka lenzi ya milimita 6, ambayo inaona eneo jembamba lakini hadi mita 7 bado sura unayo. Wengi wananunua 2.8 kila mahali kwa sababu picha pana inapendeza kwenye televisheni.

Na usikubali kamera ya mlangoni ifungwe juu darini. Kofia moja tu inaifuta. Iwe juu kidogo ya kichwa cha mtu mrefu, mita 2 na kitu, imtazame anayeingia. Kama mlango unapokea jua, basi ama utafute kamera yenye WDR halisi, yaani uwezo wa kusawazisha mwanga mkali na kivuli, ama uiweke pembeni isitazame mwanga ana kwa ana. Vinginevyo kila mteja anaingia akiwa kivuli cheusi.

Jambo ambalo wauzaji hawalitaji: DVR (mashine ya kurekodi picha za kamera) nyingi za bei ya chini zimeandikwa 1080, lakini ndani ya mipangilio zinarekodi "1080 Lite" au "1080N". Hiyo ni pikseli 960 kwa upana, nusu ya ulicholipia. Kamera ni nzima, picha ya moja kwa moja inang'aa, ila siku ya tukio ukirudisha nyuma sura imefumuka. Kabla ya kulipa mwambie muuzaji afungue mipangilio ya kurekodi, usome mwenyewe 1920 x 1080.

Kwa laki sita ushauri wangu ni huu: kamera mbili nzuri, moja mlangoni na moja kaunta, DVR ya njia nne ili nafasi mbili zibaki za baadaye, na diski inayotengenezwa kwa ajili ya kamera. Ulizeni, tujadili.

Wakala wa Igoma

Habari za kazi fundi. Nina kibanda cha miamala ya simu na benki, wateja wanahudumiwa dirishani. Shida yangu kubwa ni ubishi kuliko wizi. Mtu anasema alinipa laki tatu, mimi nilihesabu mbili na nusu. Au anarudi baada ya nusu saa kwamba nimempa noti mbovu. Kamera yangu ya kwanza niielekeze wapi?

Fundi wa Nyakato

Dada, kwako kamera ya kwanza iko juu ya meza ya kuhesabia, karibu, inatazama chini mahali noti zinapobadilishana mikono. Kwa umbali wa mita moja na nusu noti inaonekana vizuri sana, rangi na idadi. Jizoeze kuhesabia hapo hapo chini ya kamera, noti moja moja, na mteja akiona. Ubishi mwingi utaishia hapo kabla hata hujafungua rekodi.

Ya pili iwe usawa wa dirisha ikimtazama mteja usoni. Angalia tu isiwe nyuma ya kioo, kwa sababu usiku taa zake za infraredi, mwanga usioonekana kwa macho, zinagonga kioo na kurudi, unapata picha nyeupe tupu.

Halafu kuna jambo naliomba sana kwa mawakala wote. Kamera isione kioo cha simu ya mteja wala vidole vyake akiandika namba ya siri, na daftari la vitambulisho lisiwe wazi chini yake. Geuza kamera kidogo, au tumia kile kipengele cha kufunika sehemu ya picha kwa kiboksi cheusi, DVR karibu zote zinacho. Rekodi hiyo ikiangukia mikononi mwa kijana mwenye tamaa, wateja wako ndio watalia.

Mfanyabiashara wa Mwaloni

Fundi naomba nisaidie. Niko Kirumba Mwaloni, nauza dagaa kwa magunia, wateja hadi wa Kongo. Nina kamera mbili nje ya stoo. Usiku simu inapiga kengele kama mara mia, nikifungua ni wadudu wa ziwani na utando wa buibui. Nimeamua kuizima kengele. Pili, nilihesabu mzigo nikakuta magunia yamepungua, kurudi kwenye rekodi zimeshajifuta.

Fundi wa Nyakato

Pole sana mkuu. Nianze na hilo la pili, maana ndilo lenye hela.

Diski inajaa na kujiandika upya, ya zamani inafutika. Kamera moja ya megapikseli 2 yenye mbano wa H.265 (njia ya kupunguza ukubwa wa video) inatumia kama megabiti 2 kwa sekunde, na hiyo ni takriban GB 21.6 kwa siku. Kamera nne ni GB 86. Diski ya TB 1 kwa kamera nne inakupa siku kumi na moja hivi. Kwa kamera mbili, siku ishirini na tatu. Kama DVR yako ni ya zamani yenye H.264, mbano wa kizamani, gawa hizo siku kwa mbili. Sasa jiulize, mzigo unauhesabu kila baada ya muda gani? Kama ni mwisho wa mwezi na rekodi ni ya siku kumi na moja, anayekuibia ana wiki mbili na zaidi za kufanya atakavyo bila ushahidi kubaki. Ama ongeza diski, ama hesabu magunia kila Jumamosi. Hilo la kuhesabu halina gharama, lianze wiki hii.

Unaweza pia kushusha picha kutoka 25 kwa sekunde hadi 12 au 15, mtu anaonekana vilevile na siku zinaongezeka. Usishushe ukubwa wa picha.

Kuhusu diski yenyewe: WD Purple na Seagate SkyHawk zimetengenezwa kuandika mchana na usiku. Diski ya kompyuta iliyotolewa kwenye mashine ya ofisi ni rahisi, lakini ndiyo inayokufa kimya, na unagundua siku unayoihitaji. DVR nyingi zina ukurasa wa S.M.A.R.T. unaoonyesha saa ambazo diski imekwisha kuwashwa. Ukiambiwa ni mpya na unaona saa elfu ishirini, umeuziwa ya zaidi ya miaka miwili.

Wadudu sasa. Kamera ya usiku ina taa za infraredi pembeni ya lenzi, wadudu wanazifuata, buibui anafuata wadudu. Mdudu akiwa sentimita tano kutoka kwenye lenzi ni mkubwa kuliko mtu aliye mita kumi, ndiyo maana kengele haikomi. Zima infraredi kwenye mipangilio, weka taa ya kawaida ya LED mita tatu au nne mbali na kamera, upande mwingine wa ukuta. Chagua yenye mwanga wa manjano, inavuta wadudu wachache kuliko nyeupe yenye ubluu. Wadudu watakwenda kwenye taa, na kwa mwanga huo utapata na rangi ya nguo, kitu ambacho infraredi haikupi. Kisha mwambie mlinzi afute kamera kwa kitambaa kikavu chenye fimbo kila wiki, msimu wao ukipamba moto hata mara mbili. Kama kamera zako zina uwezo wa kutofautisha mtu na vitu vingine, iwashe kengele kwa watu pekee.

Muuza simu, barabara ya Pamba

Mkuu nakuheshimu ila DVR na waya ni gharama isiyo ya lazima. Mimi nina kamera ya waifai yenye memori kadi, inazunguka, ina spika, naiona nikiwa nyumbani Buzuruga. Nimefunga mwenyewe. Kwa nini mtu wa mtaji mdogo asianze hivyo?

Fundi wa Nyakato

Aanze, kama fremu ni moja, ndogo, na mwenyewe yupo muda mwingi. Chapa kama Tapo, Imou, EZVIZ, nyingi zinafanya kazi vizuri. Kadi ya GB 128 kwa megabiti 1 kwa sekunde inashika siku kumi na moja hivi. Nunua kadi ya aina inayovumilia kuandikwa muda wote, kadi ya kawaida ya simu inachoka mapema. Na hiyo ya kuzunguka uifunge itazame sehemu moja, kaunta. Ikiwa inazunguka inafuata mwendo, wezi wawili wanaigawana: mmoja anaivuta kushoto, mwenzake anafanya kazi kulia.

Udhaifu wake mkubwa ni kwamba rekodi iko ndani ya kamera yenyewe. Anayeing'oa ameondoka na ushahidi. DVR unaificha kwenye kabati la chuma lenye matundu ya hewa, au chumba cha nyuma, au juu ya dari. Tafadhali msiiweke chini ya kaunta karibu na droo ya pesa, ndipo anapoanza kutafuta.

Kuna na suala la bando, maana watu wanachanganya. Kurekodi hakuhitaji intaneti kabisa. Intaneti ni ya wewe kutazama ukiwa mbali. Ukitazama kwa picha ndogo, nusu megabiti kwa sekunde, saa moja inakula MB 225. Kwa picha kubwa ya megabiti 2 ni MB 900. Ila ukilipia kuhifadhi mtandaoni na kamera ikawa inapandisha muda wote, ni zile GB 21 kwa siku, hakuna bando la mjasiriamali litakalohimili. Weka ipandishe tukio tu.

Fundi umeme, Nyegezi

Naomba niongeze upande wangu, kwa sababu naitwa kwenye kazi nyingi ambazo kamera ni nzima na shida ni umeme.

Ukiona kamera inafanya kazi mchana ila usiku inazima na kuwaka, usikimbilie kununua nyingine. Taa za infraredi zikiwaka kamera inavuta umeme zaidi, na kama waya ni mrefu na mwembamba, volti 12 zilizotoka kwenye adapta zinafika zimepungua. Waya wa shaba wa milimita mraba 0.5 kwa mita 50, kamera ikivuta ampea 0.4, unapoteza karibu volti 1.4. Ukiwa wa aluminiamu iliyopakwa shaba, ambao umejaa madukani na bei yake inavutia, unapoteza zaidi. Kwangua ncha kwa kisu: ndani kukiwa cheupe, ujue si shaba. Kwa kamera mbili za dukani tofauti ya bei ya waya ni ndogo, lipeni.

Umeme ukikatika ndio wakati wenyewe wa wezi, kwa hiyo betri si anasa. Kamera nne na DVR kwa usiku zinavuta kama wati 31. Betri ya volti 12 ampea-saa 18, ukitumia nusu yake ili isife mapema, inakupa saa tatu na nusu. Ya ampea-saa 100 inavuka usiku mzima hadi asubuhi. Lakini msifunge DVR moja kwa moja kwenye betri inayochajiwa, msongo unapita volti 14. Wekeni kidhibiti cha volti 12 katikati. Na rauta nayo iingie kwenye betri hiyo, la sivyo kamera zinarekodi na wewe nyumbani huoni kitu.

Kwenye LUKU msiogope. Hizo wati 31 kwa mwezi mzima ni kama uniti 22.

Radi, jamani. Ziwa letu ni moja ya maeneo yenye radi nyingi Afrika, na mvua zake nyingi zinapiga usiku wakati duka limefungwa. Waya wa kamera unaotoka jengo moja kwenda jingine ni njia ya radi kuingia kwenye DVR. Wekeni kizuia msongo kwenye umeme na kwenye waya wa kamera ya nje, na waya wa ardhi uwe wa kweli. Wenzetu mnaokaa juu ya mawe, Mabatini, Igogo, Bugarika, fimbo ya ardhi haizami kwenye jabali. Tafuteni fundi anayepima ukinzani wa ardhi kwa kifaa, asikisie. Ikishindikana, afadhali kamera ya jengo la pili iunganishwe kwa waifai kuliko waya.

Mwisho kiungo cha waya nje kisining'inie. Kamera inavumilia mvua, kiungo chake hakivumilii. Kiingie kwenye boksi, na waya upinde kwenda chini kabla ya kuingia ukutani ili maji yadondoke.

Duka la dawa, Kona ya Bwiru

Asanteni, huu uzi nimeuhifadhi. Swali: nikiweka kamera natakiwa kuwaambia wateja? Na mfanyakazi wangu anasema sina haki ya kumrekodi.

Fundi wa Nyakato

Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ilianza kutumika Mei 2023, na iko Tume yake inayosajili wanaokusanya taarifa za watu. Picha ya mtu anayetambulika ni taarifa zake. Weka tangazo mlangoni, kwa Kiswahili kilicho wazi: eneo hili lina kamera, sababu ni ulinzi, na namba ya kuuliza. Mfanyakazi mwambie tangu siku ya kuajiriwa, akijua kamera ziko wapi. Chooni na mahali pa kubadilishia nguo ni marufuku, hata kamera ya mapambo usiweke. Wewe wa dawa una jambo zaidi: cheti cha mgonjwa kisisomeke kwenye picha, na sauti izime. Watu wanakuja kukueleza maradhi yao.

Na ukimnasa mwizi, usikimbilie kuisambaza video kwenye makundi ya WhatsApp na neno "mwizi" juu yake. Ukikosea mtu umejiletea kesi wewe. Nakili tukio kwenye flashi siku hiyo hiyo kabla halijafutika, faili kama lilivyo, bila kulikata wala kulirekodi upya kwa simu, upeleke polisi na nakala nyingine ubaki nayo. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inaruhusu ushahidi wa namna hii mahakamani, lakini wataangalia umetunzwaje. Ndiyo maana saa ya DVR iwe sahihi. Ikiwa mbele kwa dakika arobaini, wakili wa upande wa pili atashika hapo hapo.

Mvuvi wa Nansio

Wakuu huku Ukerewe nina kambi ya kuhifadhi nyavu na injini, umeme hakuna. Zile za sola na laini vipi?

Fundi wa Nyakato

Zinafaa, ila ujue zinalala. Ili betri idumu inaamka ikihisi joto la mtu anayesogea, na sekunde za kwanza mara nyingine zinapotea. Kwa hiyo iweke mahali mtu lazima apite akielekea kwenye injini, isiwe kwenye injini yenyewe. Pima kwanza mtandao wa laini uliyonayo pale pale kambini, usiku na mchana.

Wakala wa Igoma

Fundi, nimepata mtu wa kunifungia. Kamera mbili kama ulivyosema, DVR ya njia nne, TB 1. Nimhoji nini kabla sijammalizia hela?

Fundi wa Nyakato

Vizuri dada. Bakiza sehemu ya malipo hadi usiku wa kwanza upite.

Nywila kuu uiweke wewe mwenyewe, yeye akiwa amegeuka. Akaunti ya programu kwenye simu ifunguliwe kwa namba yako, isiwe yake. Nimekuta mteja hawezi kuingia kwenye kamera zake kwa sababu fundi aliyezisajili kahamia Geita. Akitaka kufungua milango ya rauta (njia za kuingilia kutoka intaneti) ili uone ukiwa mbali, mkatalie, msimbo wa QR wa DVR unatosha. Nywila ya kiwandani isibaki hata siku moja: mwaka 2016 programu hasidi ya Mirai iliteka kamera na DVR nyingi duniani kwa kujaribu hizo nywila tu.

Giza likiingia, zima taa za ndani. Mwombe mtu ambaye jirani yako anamfahamu ila fundi hajawahi kumwona asimame dirishani, avae kofia, akupe noti. Subiri dakika tano, kisha rudisha rekodi, usitazame ile ya moja kwa moja. Simamisha picha, ikuze, umwonyeshe jirani yako wa fremu ya pili. Akimtaja mtu kwa jina, na wewe ukihesabu noti kwenye picha ukapata idadi ile ile, malizia hela. Asipomtambua, fundi apande ngazi tena.